Mbuzi amekufa, nyama bado inacheza: nguvu inatoka wapi?

Swali: "Salaam, Mwalimu. Nina bucha hapa Morogoro, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Kila asubuhi naona jambo ambalo sijapata mtu wa kunieleza. Mbuzi ameshachinjwa, damu imetoka, ngozi imevuliwa, kichwa kiko kwenye beseni, lakini paja lililoning'inia linachezacheza lenyewe. Wateja wengine wanaogopa, wengine wanalitaka hilohilo. Ikifika jioni nyama imekakamaa kama ubao, na kesho yake imelegea tena. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema ni ATP, akaishia hapo. Hiyo ATP ni nini, na mnyama aliyekufa anapataje nguvu? Halafu, kwa faida yangu mwenyewe: Jumapili tunacheza mpira wa maveterani. Nikipiga mbio moja ya nguvu miguu inazima kabisa, nikisimama dakika chache inarudi. Ni kitu kilekile?"

Jibu:

Kaka yangu, ni kitu kilekile. Na mwanao hajakosea, ila amejibu kama mtu aliyeulizwa gari linaendaje akasema "petroli". Ngoja nianze na paja la mbuzi, maana wewe una maabara ambayo wanafunzi wangu wengi hawana. Tutafika kwenye mpira.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayaweka pamoja. Mnyama kufa ni jambo moja, seli zake kufa ni jambo jingine. Kisu kikipita, ubongo unazima haraka kwa sababu haujui kuishi bila damu. Lakini seli za msuli hazipokei taarifa ya msiba kwa wakati huo. Kila seli ina stoo yake ndogo ya chakula, na itaendelea na kazi zake mpaka stoo iishe. Kwa hiyo paja unaloliona likicheza saa moja baada ya kuchinja ni la mnyama aliyekufa, lakini lenyewe bado ni hai, kwa maana ya seli zake. Kinachokufa polepole pale buchani kwako ni nyama, na unakitazama kwa macho yako kikifa.

Sasa, msuli unakazaje? Chukua nyama ya supu iliyochemka sana uichambue kwa vidole: inaachana nyuzinyuzi. Kila uzi unaouona ni fungu la seli nyembamba, na seli moja ya msuli inaweza kufika urefu wa sentimita kadhaa. Ndani ya kila seli kuna nyuzi nyingine ndogo mno, za aina mbili: nene, zilizojengwa kwa protini iitwayo mayosini, na nyembamba, za protini iitwayo aktini. Zimepangwa zikiingiliana, kama vidole vya mikono miwili unavyovipenyeza kati ya vingine. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba msuli unapokaza, nyuzi hizo zinajikunja au kujifupisha. Mwaka 1954 makundi mawili yalitangaza kwa wakati mmoja, kila moja kivyake, kwamba hazifupiki hata kidogo. Zinateleza tu, nyembamba zikiingia zaidi katikati ya nene. Kundi moja lilikuwa la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, jingine la Hugh Huxley na Jean Hanson. Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu, na hilo limewachanganya wanafunzi hadi leo.

Kinachozivuta ni vichwa. Uzi mnene mmoja una vichwa vya mayosini mia kadhaa vilivyochomoza pembeni, na kila kimoja kinaweza kuushika uzi mwembamba, kuuvuta kidogo sana, kuuachia, na kuushika tena mbele. Umewahi kuwaona wavuvi wakikokota wavu ufukweni? Hawavuti wote kwa pigo moja. Huyu anashika wakati yule anaachia na kusogeza mikono mbele, kwa hiyo kamba hairudi nyuma hata sekunde moja. Vichwa vya mayosini vinafanya vivyo hivyo, kwa mamilioni, kila kimoja kwa zamu yake.

Hapa ndipo ATP inapoingia, na hapa ndipo watu wengi, wakiwemo waliosoma, wanapokosea. Wanadhani ATP ndiyo inayovuta. Fikiria mtego wa panya ule wa chuma. Kazi ya mkono wako iko wapi? Haiko kwenye kufyatuka. Mtego unafyatuka wenyewe panya akigusa chambo. Kazi yako ni kuurudisha ule waya nyuma, dhidi ya springi, na kuutega. ATP ni mkono unaotega. Kichwa cha mayosini kikishamaliza kuvuta, kinabaki kimeng'ang'ania uzi wa aktini, hakiwezi kuachia. ATP inakuja, inakaa kwenye kichwa hicho, na kwa kukaa tu inakifanya kiachie. Kisha kichwa kinaivunja ATP, kinabaki na vipande vyake viwili (ADP na fosfati), na kwa nishati ya kuvunja huko kinajirudisha nyuma: mtego umetegwa. Kikigusa aktini tena, fosfati inachomoka, mtego unafyatuka, uzi unavutwa kama sehemu ya milioni mia ya mita. Kinang'ang'ania tena, kinasubiri ATP nyingine. Kila mvuto, ATP moja.

Kwa hiyo bila ATP msuli haulegei. Unaganda ukiwa umeshika. Wavuvi wote wamekamata kamba, hakuna anayeachia, na kamba haiendi mbele wala nyuma. Huo ndio ubao unaouona jioni.

Kuna mlango mwingine unaolindwa na ATP, nao ni wa kalsiamu. Msuli hauvuti ovyo saa zote kwa sababu nyuzi za aktini zimefunikwa na protini zinazozuia vichwa kushika. Neva ikileta amri, kalsiamu inamwagika kutoka kwenye mifuko iliyomo ndani ya seli, inaondoa kifuniko, na kazi inaanza. Ili kazi isimame, kalsiamu lazima irudishwe mifukoni, na pampu zinazoirudisha zinakula ATP. Si kidogo: katika msuli unaofanya kazi, takriban theluthi ya ATP inaweza kwenda kwenye pampu hizo na nyingine za chumvichumvi, si kwenye mvuto wenyewe. Hata msuli uliolala unapiga pampu, maana kalsiamu nje ya seli ni nyingi mara kama 10,000 kuliko ndani, na inavuja. Kupumzika kwa msuli ni kazi inayolipiwa. Watoto wanapofundishwa kwamba nishati ni ya kukaza na kulegea ni bure, wanafundishwa nusu ya kitu, tena nusu ndogo.

ATP yenyewe ni nini? Ni molekuli ndogo: kichwa cha adenini, sukari ya raibosi, na mkia wa fosfati tatu zilizofuatana. Fosfati zote zina chaji hasi, zinasukumana, hivyo ule mkia umekaa kwa shida. Ukikatika kwa maji, vipande vinavyobaki vinatulia zaidi, na tofauti hiyo ndiyo nishati tunayoitumia. Iligunduliwa mwaka 1929, na Karl Lohmann kule Ujerumani, na karibu wakati uleule na Cyrus Fiske na Yellapragada Subbarow kule Marekani. Subbarow alikuwa kijana wa Kihindi, na ndiye aliyekuwa ameshiriki pia miaka miwili nyuma kugundua kreatini fosfati, ambayo tutaihitaji sasa hivi.

Ajabu ya ATP ni uchache wake. Ungetarajia kitu muhimu hivyo kijazwe magunia. Lakini msuli wako una ATP ya kutosha mbio za nguvu kwa sekunde mbili au tatu tu. Mwili mzima wa mtu mzima una ATP isiyofika robo kilo, na bado kwa siku nzima anatumia kiasi kinachokadiriwa kukaribia uzito wake mwenyewe. Maana yake ni kwamba ileile inavunjwa na kuungwa tena, mamia ya mara kwa siku. Na jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha, baada ya kulifundisha miaka mingi: mtu akitoka kukaa akaanza kukimbia kwa nguvu zote, matumizi ya ATP katika miguu yake yanapanda mara mia au zaidi, lakini kiwango cha ATP ndani ya seli kinashuka kidogo tu. Inajazwa kwa kasi ileile inayomwagwa. Ukitaka kuelewa nishati ya msuli, usiulize ATP ni kiasi gani. Uliza inajazwa na nani.

Wa kwanza kujaza ni kreatini fosfati. Hii ni molekuli iliyobeba fosfati moja tayari kuitoa. ATP ikivunjika ikawa ADP, kreatini fosfati inaipa fosfati yake, ADP inakuwa ATP tena, papo hapo, kwa kimeng'enya kimoja (protini inayoharakisha kazi za kemia ndani ya seli), hatua moja, bila oksijeni, bila kusubiri. Msuli unayo mara kama nne ya ATP. Kwa juhudi kamili inakupeleka hadi kama sekunde kumi.

Wa pili ni glikojeni, sukari iliyosukwa pamoja na kufungwa vifurushi ndani ya seli. Misuli ya mtu mzima aliyekula vizuri inabeba kama gramu 400, ini kama 100. Seli inaweza kuivunja bila oksijeni hadi kuwa laktati, na kila kipande kimoja cha glukosi kutoka kwenye glikojeni kinatoa ATP 3. Nimependa siku zote jinsi ghala hii inavyofunguliwa. Kalsiamu ileile inayoamuru vichwa vya mayosini vishike ndiyo inayokiamsha kimeng'enya cha kufungua glikojeni. Kengele moja inawaita wavutaji na mpishi kwa pamoja. Kuna watu wanaozaliwa bila kimeng'enya hicho cha kufungua ghala. Daktari Brian McArdle alimweleza wa kwanza mwaka 1951: kijana ambaye misuli yake iliuma na kukakamaa kwa kazi ndogo, na damu yake haikuonyesha ongezeko la laktati hata alipofanya mazoezi. Ghala imejaa, ufunguo hakuna. Watu hao wakiendelea taratibu kwa dakika kama kumi, wengi hupata nafuu, kwa sababu damu inaanza kuleta sukari ya ini na mafuta kutoka nje.

Wa tatu ni mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli. Humo sukari, laktati na mafuta vinachomwa kwa oksijeni hadi kubaki maji na kaboni dioksidi. Elektroni zinazotolewa njiani zinasukuma chembe za hidrojeni upande mmoja wa utando, zinarundikana, kisha zinarudi kwa kupitia mtambo unaozunguka, hasa kama maji ya Rufiji yanavyoshuka na kuzungusha mitambo kwenye bwawa la Nyerere. Kila mzunguko unaunga ATP 3. Mtu wa kwanza kupendekeza wazo hili, Peter Mitchell, alilileta mwaka 1961, akachekwa kiasi cha kutosha, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel. Glukosi moja kwa njia hii inatoa ATP kama 30, mara kumi ya njia ya haraka. Kasoro yake ni mwendo: kasi ya juu kabisa ya kuzalisha ATP kwa oksijeni ni kama nusu ya ile ya laktati, na ukitegemea mafuta peke yake inapungua tena. Oksijeni kazi yake ni kupokea zile elektroni mwishoni. Ukiziba mlango huo, bwawa zima linasimama. Sianidi ndivyo inavyoua, ikiwemo ile ya muhogo mchungu ambao haukulowekwa wala kukaushwa sawasawa.

Tofauti ya misuli unaiona dukani bila darubini. Kidari cha kuku ni cheupe, paja lake ni jeusijeusi. Kuku anatembea kutwa, kwa hiyo paja limejaa mitokondria na mayoglobini, ile protini nyekundu inayoshika oksijeni. Kuruka anaruka mara moja moja akifukuzwa, sekunde chache tu, na kidari kinatosheka na kreatini fosfati na glikojeni. Njiwa anaruka masafa, na kidari chake ni chekundu. Wauza samaki wa Feri watakuonyesha vivyo hivyo: jodari, anayeogelea usiku na mchana, nyama yake nyekundu kama ya ng'ombe. Moyo ndio umezidi wote. Karibu theluthi ya seli yake ni mitokondria, kwa kuwa hauna Jumapili.

Sasa turudi kwenye paja lako. Umechinja, damu imemwagika, oksijeni imekatika. Kile kidogo kilichoshikwa na mayoglobini kinaisha upesi, mitokondria zinasimama. Lakini pampu za kalsiamu na za chumvi bado zinadai ATP. Kreatini fosfati inalipa kwanza. Kisha glikojeni, kwa ile njia ya laktati, ATP 3 tu badala ya zaidi ya 30, kwa hiyo ghala inaliwa mbio. Wakati huohuo ngozi ya seli inaanza kuvuja, chumvi zinachanganyika, na neva zilizokatwa ncha zinajifyatua zenyewe. Kila zikijifyatua, seli chache zinapokea amri isiyo na mtoaji, zinakaza, na kwa kuwa bado zina ATP, zinalegea. Ndiyo kuchezacheza. Hakuna roho iliyochelewa wala maumivu. Ubongo ulishaondoka zamani. Luigi Galvani kule Bologna aliona miguu ya chura aliyekufa ikiruka kwa umeme, akaandika mwaka 1791, na watu walishtuka kama wateja wako.

Laktati inaporundikana pamoja na chembe za hidrojeni, nyama inazidi kuwa chachu. Kipimo cha asidi, kile tunachokiita pH, kinashuka kutoka kama 7 hadi kama 5.5, ambapo vimeng'enya vya glikojeni vinachoka. ATP haijazwi tena. Pampu zinasimama, kalsiamu inamwagika, vifuniko vinaondoka, vichwa vinashika, na hakuna ATP ya kuviachisha. Seli moja moja inafunga, halafu maelfu, halafu paja zima. Kwa mbuzi ni suala la saa kadhaa, kwa ng'ombe inaweza kuchukua usiku kucha, kuku ni haraka zaidi.

Na kulegea kwa kesho yake? Hapo wengi wanadhani vichwa vimeachia. Havijaachia, na havitaachia kamwe. Kilichotokea ni kwamba vimeng'enya vya kumeng'enya protini vilivyomo ndani ya seli vimeanza kukata zile kuta zinazoshikilia nyuzi mahali pake. Wavuvi bado wamekamata kamba, ila kamba imekatika kule ilikofungwa. Ndiyo maana nyama iliyolala siku mbili tatu kwenye ubaridi ni laini, na ile ngumu kuliko zote ni iliyopikwa ikiwa katikati ya kukakamaa. Mteja anayetaka linalocheza hakosei, akifika nalo jikoni mapema. Akilinunua saa mbili asubuhi akalibandika saa nane, asikulaumu.

Nikuambie jinsi haya yalivyojulikana, maana yalijulikana kwa njia ya mkakamao huohuo. Miaka ya 1920 iliaminika kwamba asidi ya laktiki, yaani laktati yetu pamoja na chembe yake ya hidrojeni, ndiyo inayofanya msuli ukaze. Otto Meyerhof na Archibald Hill walikuwa wameshapata Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi ya laktati na joto la misuli, na nani angebishana nao? Kisha Einar Lundsgaard, daktari kijana wa Copenhagen, akawadunga wanyama sumu ya asidi ya ayodoasetiki kwa sababu nyingine kabisa. Wakafa wakiwa wamekakamaa vikali, na alipopima misuli yao hakukuta asidi ya laktiki iliyozalishwa. Mwaka 1930 akaonyesha kwamba msuli wenye sumu hiyo unaweza kukaza mara nyingi bila tone la asidi, na unapokaza kreatini fosfati yake inapungua, hadi ikiisha unaganda. Nadharia iliyokubalika ikaanguka, na Meyerhof mwenyewe, kwa sifa yake, akakubali. Baadaye Albert Szent-Györgyi kule Szeged, Hungaria, wakati wa vita, akatengeneza uzi wa mayosini na aktini nje ya mwili kabisa, akaunyunyizia ATP, na ukajifupisha mbele ya macho yake. Na mwaka 1949 akaonyesha kwamba msuli wa sungura uliolowekwa kwenye gliserini kwa muda mrefu bado unakaza ukipewa ATP. Ukitaka jibu fupi la "aliyekufa anapataje nguvu", ni hilo: mashine haijali kama mwenyewe yupo, inajali ATP.

Mawili ya biashara kabla sijahama. Ng'ombe au mbuzi aliyesafirishwa siku nyingi kwenye lori, akafukuzwa, akapigana na kamba, anafika machinjioni ghala yake ya glikojeni imeshaliwa. Baada ya kuchinjwa hakuna cha kutengeneza asidi, pH inabaki juu ya 6, na nyama inakuwa nyeusi, kavu juu, inanata, na inaharibika upesi kwa sababu bakteria wanaipenda hali hiyo. Wanunuzi wanadhani ni nyama ya mnyama mzee au mgonjwa. Mara nyingi ni mnyama aliyechoka. Kumpumzisha usiku mmoja kwa maji kunampa utulivu na kunafaa, ila kwa ng'ombe ghala haijai kwa usiku mmoja. Inataka siku kadhaa na malisho. La pili ni friza. Ukiigandisha nyama ambayo bado inacheza, barafu inapasua mifuko ya kalsiamu huku ATP ikiwa bado ipo, na siku ya kuyeyusha inajivuta, inafupika, inatoa maji na kuwa kama mpira. Hata baridi kali tu, bila kugandisha, kabla ya nyama kukakamaa inaweza kuifupisha hivyo. Iache ikakamae kwanza mahali pa baridi ya kiasi, ndipo iende kwenye friza.

Haya, mpira. Mbio yako ya mita 40 kumkimbilia winga wao inakula kreatini fosfati. Hauhitaji hata kupumua kwa mbio hiyo. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021, sehemu kubwa ya safari yake ilitoka humo na kwenye glikojeni ya haraka. Ukisimama, mitokondria zinaanza kuijaza tena kreatini kwa ATP iliyotengenezwa kwa oksijeni. Ndiyo maana unahema baada ya kusimama, unalipa deni. Nusu inarudi kwa kama nusu dakika, karibu yote kwa dakika tatu hadi tano. Hizo ndizo "dakika chache" zako. Msuli uliozoezwa kwa mbio ndefu unajaza upesi zaidi, kwa hiyo kijana wenu anayepiga mbio kumi bila kufa huenda hana stoo kubwa kukuzidi, ana mitokondria nyingi.

Ukishikilia kasi kupita sekunde kumi, glikojeni ya laktati inabeba mzigo, lakini mrundikano wa fosfati na chembe za hidrojeni unaanza kuvisumbua vichwa vya mayosini na milango ya kalsiamu. Hata bora kuliko wote hawakwepi. David Rudisha alipovunja rekodi ya mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1:40.91, mzunguko wa kwanza alitumia sekunde 49.28 na wa pili zaidi ya 51. Alikuwa anapunguza kasi. Na kumbuka, ATP yake haikuwa imeisha. Misuli ya mtu hai inachoka kabla haijafika huko, na nadhani uchovu ni namna ya mwili kuhakikisha hufiki kwenye ubao ukiwa bado unapumua.

Laktati yenyewe imesingiziwa sana. Maumivu ya Jumatatu na Jumanne baada ya mechi si yake. Laktati inaondoka damuni ndani ya saa moja hivi, moyo ukiichoma kama mafuta mazuri na ini likiigeuza sukari. Maumivu hayo ni ya nyuzi zilizochanika kidogo, hasa pale msuli unapokaza huku unarefushwa, kama kushuka mlima au kufunga breki ghafla uwanjani.

Mwambie mwanao aje bucha asubuhi moja kabla ya shule. Kata kipande chembamba cha mnofu unaocheza, ukinyunyizie chumvi ya mezani: kitaruka zaidi, kwa sababu chumvi inaziamsha ngozi za seli ambazo bado zina ATP. Arudi jioni mkate kipande kutoka palepale, mnyunyizie chumvi ileile, amwage hata kopo zima. Hakitatikisika. Halafu muulize yeye kwa nini.